Bango Lililowekwa Lionekane: Safari Zangu za Kuupanda Mlima Lee

Lango lilikuwa limefungwa, na juu yake, mahali palipoonekana karibu mno, zilisimama herufi tisa nyeupe za bango la HOLLYWOOD ambazo nilikuwa nimevuka jiji zima kuzifuata. Ilikuwa saa nane mchana, katika mwaka wangu wa kwanza Los Angeles, na nilikuwa mwishoni mwa Beachwood Drive, barabara ambayo ramani ya simu ilinihakikishia kwamba ndiyo fupi kuliko zote. Nyuma yangu magari manne yalikuwa yakihangaika kugeuza katika mtaa mwembamba usio na pa kugeuzia. Mama mmoja mwenye nyumba ya hapo alitoka na kutueleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba lango la njia ya Hollyridge lilifungwa kwa waendao kwa miguu tangu mwaka 2017, baada ya mahakama kuamua shauri lililofunguliwa na ranchi ya farasi iliyo jirani. Alitunyoshea mkono upande wa mashariki, akatuambia twende Canyon Drive, kisha akarudi ndani.

Nililirudia gari nikiwa nimeudhika na nikiamini kwamba nimeonewa, kwa sababu kitu ninachokiona kwa macho yangu, tena kikubwa kiasi hicho, kisingeweza kukosa njia. Ilinichukua safari nyingine nne, katika muda wa miaka mitatu, kutambua kwamba fikra hiyo hasa ndiyo iliyonipoteza. Bango la Hollywood liliwekwa ili lionekane. Halikuwekwa ili lifikiwe. Mtu anayepanga safari yake kwa kulitazama, akakadiria umbali kwa jicho na kuchagua mtaa unaoelekea moja kwa moja kwenye herufi, atakwama mahali fulani: langoni, juani, au kwenye kilele kisicho chenyewe. Mimi nilikwama mahali pote patatu.

Historia ya bango lenyewe inalieleza jambo hili vizuri kuliko ramani. Mwaka 1923, kampuni iliyokuwa ikiuza viwanja katika bonde la Beachwood ilisimamisha kwenye ubavu wa mlima ambao sasa unaitwa Mlima Lee maandishi HOLLYWOODLAND, herufi kumi na tatu za bati zilizofungwa kwenye nguzo na kupambwa kwa balbu zipatazo 4,000, ili mtu aliye mbali huko chini, hata usiku, ajue viwanja viko wapi. Miongoni mwa waliowekeza fedha zao alikuwemo Harry Chandler, mchapishaji wa gazeti la Los Angeles Times. Tangazo hilo lilikusudiwa kudumu mwaka mmoja na nusu tu, lakini halikuondolewa. Mwaka 1949 chama cha wafanyabiashara cha Hollywood kilipolikarabati kiliiondoa sehemu ya LAND, likabaki jina la mtaa peke yake. Ilipofika miaka ya 1970, herufi O ya kwanza ilikuwa imevunjika juu na O ya tatu imeanguka kabisa, na mwaka 1978 wafadhili tisa, wakiwemo mchapishaji Hugh Hefner na waimbaji Gene Autry na Alice Cooper, walitoa karibu dola 28,000 kila mmoja ili herufi zote zijengwe upya kwa chuma, zikiwa na kimo cha futi 45, yaani karibu mita 14.

Katika masimulizi yote hayo hakuna mahali ambapo mtu anafikiria miguu ya mpandaji. Viwanja viliuzwa, nyumba zikajengwa, na nyumba hizohizo zilizotangazwa na bango ndizo leo zilizokaa kati ya jiji na mlima. Yule mama aliyetuelekeza Canyon Drive anaishi ndani ya lile tangazo. Nilipolielewa hilo, hasira yangu kwake na kwa lango lake iliisha, na badala yake nikaanza kuona aibu kidogo kwa namna nilivyokuwa nimeziba barabara yake. Vilima vile ni vikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mtaa wenye upana wa gari moja na nusu ukijaa magari ya wageni, gari la zimamoto halipiti. Mwezi Januari 2025 moto uliowaka karibu na Runyon Canyon, upande wa magharibi wa vilima hivyohivyo, uliwalazimu wakazi wengi wa Hollywood kuondoka majumbani mwao usiku. Tangu niliposikia ving'ora vya usiku ule, siegeshi tena gari langu katika mitaa ya Beachwood, hata pale ambapo kibao kinaruhusu.

Safari ya pili ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 62, alikuwa amekuja kututembelea mwezi Agosti, na tangu siku ya kwanza alipoliona bango akiwa ndani ya gari alisema kwamba hataondoka bila kulifikia. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba njia sahihi huanzia mwisho wa Canyon Drive, ndani ya bustani ya Griffith, ikapanda kwenye korongo liitwalo Brush Canyon. Kwenda na kurudi ni kama kilomita kumi, na mpandaji huinuka zaidi ya mita 300. Kilomita kumi, nilijiambia, si kitu kwa mtu ambaye maisha yake yote ametembea kwa miguu. Tulichelewa kutoka nyumbani, tukakuta maegesho ya juu yamejaa, tukaegesha mbali na kupanda lami kwa dakika ishirini kabla hata ya kuanza, na tulipolipita geti la njia ya udongo ilikuwa imekaribia saa tano asubuhi. Mkononi kila mmoja alikuwa na chupa moja ya maji ya nusu lita. Mjomba alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi vyenye soli laini, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kupiga picha.

Mwanzo wa njia ile hudanganya. Chini kuna miti mikubwa na kivuli, na watu wengi hukatiza kwanza kulia kuyaona mapango ya Bronson, ambayo katika miaka ya 1960 yalitumiwa kama makao ya Batman katika filamu za televisheni. Baada ya hapo kivuli hupungua ghafla, njia ikawa pana, ya vumbi na kokoto zinazoteleza, ikiyumba kushoto na kulia kwenye mlima usio na chochote zaidi ya vichaka vifupi vyenye harufu kali kama ya dawa. Jambo la pili ambalo sikulitegemea ni kwamba bango lenyewe halionekani. Ukiwa chini mjini unaliona kila kona, lakini ukiingia korongoni linajificha nyuma ya mgongo wa mlima, na mtu anapanda karibu saa nzima akiwa hana cha kumwambia kwamba anakaribia. Mjomba aliniuliza mara mbili kama kweli tuko kwenye njia yenyewe. Nilimjibu kwamba tuko, ingawa nami moyoni nilikuwa na wasiwasi.

Tulipofika kwenye makutano na njia ya Mulholland, ambapo unapinda kushoto, bango lilijitokeza tena, likionekana kwa upande, ng'ambo ya bonde. Mjomba alisimama akalitazama muda mrefu bila kusema neno. Nilidhani amefurahi. Chupa yangu ilikuwa tupu na yake ilikuwa na mafunda mawili, na jua la saa sita lilikuwa utosini. Nilimwambia, "Mjomba, tumebakiza kidogo tu," naye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kutembea, ila nilianza kuona kwamba hatua zake zimekuwa fupi na kwamba kila tulipopishana na watu hakuwasalimu tena, jambo ambalo si desturi yake hata kidogo. Nilipomuuliza kama amechoka alisema hapana. Nilipomuuliza tena alisema tuendelee, tusije tukawa tumekuja bure.

Hapo ndipo nilipokosea kuliko penginepo pote. Nilimuuliza swali ambalo mtu mzima wa malezi yake hawezi kulijibu vingine mbele ya mpwa wake. Mjomba hatasema amechoka, kwa sababu amenisikia nikipanga safari hii wiki nzima, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji na yeye ndiye mgeni, na kwa sababu katika utoto wangu yeye ndiye aliyenibeba mabegani nilipochoka. Ilimpasa mtu mdogo aseme kwamba yeye mwenyewe amechoka na kuomba wapumzike, nami sikusema. Muda mfupi baadaye aliketi chini bila kutafuta pa kukalia, akashika kichwa, akasema anaona kichefuchefu, na ngozi ya uso wake ilikuwa imepauka ingawa tulikuwa juani.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akishuka na mbwa wake alituona, akatambua haraka kuliko mimi. Alitusaidia kumsogeza Mjomba kwenye kivuli kidogo cha kichaka kilichokuwa kimeinamia njia, akalowesha kitambaa kwa maji yake na kukiweka shingoni mwake, kisha akampa anywe polepole maji aliyochanganya na unga wa chumvi na sukari, akiniambia nisimpe yote kwa mkupuo. Tulikaa pale kwa zaidi ya nusu saa. Mwanamke yule alikuwa na lita tatu za maji mgongoni kwa matembezi aliyoyafanya kila juma, na alipoziona chupa zetu mbili tupu hakusema neno la kutulaumu, ila aliniuliza tulianza saa ngapi, na nilipomtajia saa aliniangalia tu. Alitusindikiza chini hadi penye miti, akaniachia chupa yake ya mwisho. Sikumuuliza hata jina lake, na hilo nalijutia hadi leo.

Tuligeuka tukiwa hatujaifikia hata barabara ya lami ya kilele. Njiani kurudi Mjomba aliteleza mara mbili kwa sababu ya soli zile laini, na mara ya pili alichubuka kiganja. Jioni, alipokuwa amepata nguvu, alisema kwa utulivu, "Mpwa wangu, lile bango linaonekana dogo likiwa mbali, na likiwa karibu halionekani kabisa. Tungeuliza kwanza." Hakulitaja tena mpaka siku ya kuondoka.

Niseme hapa mambo machache ambayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa kuwa naona watu wengi wakipanda kama tulivyopanda sisi. Juu ya Mlima Lee hakuna bomba la maji wala kivuli cha kukaa watu, na ubavu wa mlima unaoelekea kusini hupokea jua kwa sehemu kubwa ya siku. Kati ya Juni na Oktoba, anayeanza baada ya saa mbili asubuhi atarudi wakati wa joto kali kuliko wote, naye atakuwa ametumia nguvu zake nyingi wakati wa kupanda. Mimi sasa nachukua lita mbili kwa kila mtu hata wakati wa baridi, na nusu yake siigusi mpaka tumeanza kurudi. Nyoka wenye njuga mkiani hupenda kuota jua njiani asubuhi ya siku zenye joto, hivyo mtu atembee katikati ya njia na asiingize mkono wala mguu kichakani asipopaona vizuri. Sigara hairuhusiwi kabisa. Bustani yenyewe hufunguliwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, lakini njia za mlimani hufungwa jua linapotua, kwa hiyo wazo la kuliona jua likizama ukiwa kilele cha Mlima Lee, ambalo wengi wanalo, ni wazo la kurudi gizani mahali usiporuhusiwa kuwepo.

Safari ya tatu niliifanya peke yangu, na ilikuwa fupi kuisimulia. Nilipanda basi dogo linalotoka kwenye kituo cha treni cha Vermont na Sunset mpaka kwenye Jengo la Unajimu la Griffith, yaani kituo cha kutazamia nyota, lililofunguliwa mwaka 1935 na ambalo kuingia kwake ni bure, kisha nikafuata vibao vilivyoandikwa Mount Hollywood. Ni nani ambaye hangefuata? Baada ya kama saa moja nilifika kwenye kilele kizuri, cheupe kwa mawe, chenye kimo cha futi 1,625, na sikuona herufi yoyote miguuni pangu. Mlima Hollywood si mlima wenye bango la Hollywood. Bango liko Mlima Lee, kilele kingine upande wa magharibi. Ilikuwa Juni, na ukungu unaoingia kutoka baharini katika mwezi huo ulikuwa umelala juu ya jiji kama pamba, kiasi kwamba hata Mlima Lee ulionekana mnara wake wa mawasiliano peke yake. Nilikaa saa mbili, ukungu ukafunguka kidogo kidogo, na herufi zikatoka moja baada ya nyingine ng'ambo ya korongo. Kama mtu anataka tu kuliona bango vizuri akiwa na watoto au wazee, nadhani eneo la Jengo la Unajimu na bustani ya Lake Hollywood yanamtosha kabisa, na wala asidhani kwamba amefanya kitu pungufu.

Kusema kweli, katika safari ile nilianza kuupenda mlima kuliko bango. Bustani ya Griffith ilianza na zawadi ya mtu mmoja, Griffith J. Griffith, aliyelizawadia jiji ardhi ya ekari zipatazo 3,000 mwaka 1896, na sasa inazidi ekari 4,200. Humo ndani, katikati ya jiji lenye mamilioni ya watu, aliishi kwa karibu miaka kumi puma mmoja dume, paka mkubwa wa mwituni, ambaye watafiti walimpa namba P-22. Alifika pale baada ya kuvuka barabara kuu mbili zinazopita magari usiku na mchana, akaishi peke yake bila jike, na mwaka 2013 jarida la National Geographic lilichapisha picha yake akipita usiku, bango likionekana nyuma yake. Alikufa Desemba 2022, akiwa amezeeka na kujeruhiwa, na madaktari wa wanyama waliamua kumpumzisha. Kila ninapopita njia za mlima ule huwa nafikiri kwamba katika wote waliowahi kuzitumia, yeye ndiye aliyezijua vizuri zaidi, naye hakulihitaji bango hata siku moja.

Mwezi wa Novemba nilijaribu njia ya magharibi, ile inayopitia kwenye msonobari ambao watu huuita Mti wa Hekima. Njia hii inaanzia karibu na Lake Hollywood Drive, na ni fupi kuliko zote, kwa maana kwenda na kurudi ni kama kilomita tano tu. Lakini ufupi wake umelipiwa kwa mwinuko. Unapanda njia nyembamba ya mawe na udongo unaomomonyoka, wakati mwingine ukisaidia kwa mikono, na mtu asiye na viatu vyenye meno hapaswi kujaribu. Mti umesimama peke yake juu ya kilele cha Burbank, kwa sababu moto wa mwaka 2007 uliteketeza kila kitu kilichouzunguka na kuuacha wenyewe. Chini yake pana sanduku la chuma ambamo wapandaji huacha barua. Nilisoma mbili na kulifunga, kwa kuwa niliona kwamba nasoma maombi ya watu: mmoja alimwandikia ndugu yake aliyefariki, mwingine aliandika kwamba ametimiza siku mia moja bila pombe. Nami niliandika yangu, kuhusu Mjomba.

Kutoka kwenye mti unafuata mgongo wa mlima kuelekea mashariki, ukivuka kilele cha Cahuenga chenye futi 1,820, kirefu kuliko Mlima Lee wenyewe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ardhi niliyoikanyaga nusura iwe ya watu binafsi. Howard Hughes aliinunua mwaka 1940, hakuijenga, na baada ya kifo chake ikauzwa kwa wawekezaji walioitangaza mwaka 2008 kama viwanja vya majumba ya kifahari. Mwaka 2010 shirika la Trust for Public Land lilihangaika kukusanya dola milioni 12.5 ili kuzinunua ekari 138, na kwa siku kadhaa herufi za bango zilifunikwa kwa maandishi ya kuomba kilele kiokolewe. Fedha zilitimia mwishoni kabisa, pale Hefner alipoongeza dola 900,000, na sehemu hiyo ikaunganishwa na bustani. Bango lililozaliwa kwa kuuza viwanja vya kilima kile likatumika, karibu miaka tisini baadaye, kukizuia kilima kisiuzwe. Nilikaa juu ya kilele kile nikiwa nimeliwazia jambo hilo muda mrefu, upepo ukivuma, upande mmoja bonde la San Fernando na upande mwingine ziwa dogo la Hollywood likiwa rangi ya kijani.

Mwisho wa mgongo ule unashuka kwenye mawe mpaka kwenye barabara ya lami, iliyofungwa kwa magari ya raia, inayozunguka nyuma ya Mlima Lee hadi kwenye mnara. Mlima umepewa jina la Don Lee, muuza magari na mmiliki wa vituo vya redio, ambaye kampuni yake iliweka hapo mitambo ya televisheni. Kilele ni kama futi 1,708. Na hapo, baada ya miaka miwili ya kulifuata, nililiona bango kwa mara ya kwanza kutoka karibu: mgongo wake. Herufi ziko chini yako, nyuma ya uzio, na unachokiona ni nguzo za chuma na vivuli vyake, maandishi yakiwa kinyume. Kuzigusa ni kosa la kisheria. Kuna kamera za ulinzi na vihisi vya mwendo, na anayeruka uzio huitwa kwa kipaza sauti au hufuatwa na helikopta ya polisi. Sikutamani hata kidogo kuruka. Macho yalipita juu ya herufi yakaenda moja kwa moja kwenye jiji, na nikaelewa kwamba hapa ndipo mahali pekee katika Los Angeles yote ambapo bango halikuelekei.

Mjomba alirudi Februari iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 63. Nilimnunulia viatu vya kupandia wiki mbili kabla na kumwomba avivae nyumbani kila siku. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya nne anga likawa safi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa Canyon Drive, maegesho yakiwa na magari matano, na kila mmoja wetu alikuwa amebeba lita mbili, machungwa, chumvi kidogo katika karatasi na kofia. Safari hii nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu kwamba kila baada ya dakika ishirini mimi ndiye nitakayesema, "Mjomba, tukae kwanza, miguu yangu inauma," na nililisema hata pale ambapo miguu haikuuma. Nadhani alijua. Alikuwa akiketi, anakunywa, anatazama, kisha ananiuliza mimi kama nimepata nafuu.

Vichaka vya toyon vilikuwa bado na matunda yake mekundu, na udongo ulikuwa umeshikana vizuri kwa mvua. Bango lilipojificha korongoni hakuuliza kama tumepotea. Lilipojificha mara ya pili, pale lami inapozunguka nyuma ya mlima na mji wa Burbank wote unafunguka mbele yako, alisimama akatazama theluji iliyokuwa juu ya milima ya San Gabriel, akasema hakujua kwamba mji huu una theluji. Tulifika kileleni saa tatu kasorobo. Alishika uzio kwa mikono miwili na kuzisoma herufi kwa sauti kama zilivyokuwa upande wetu, kuanzia kushoto: D, O, O, W. Kisha alinyamaza akatazama mbali, kwani bahari ilikuwa wazi kabisa hadi kisiwa cha Catalina, na mitaa iliyonyooka ilikuwa imeoshwa na mvua kiasi kwamba uliweza kuifuata kwa jicho mpaka inapokwisha.

Tulipokuwa tukishuka, kwenye yale makutano ya Mulholland, karibu na pale tulipogeukia safari ile ya Agosti, tulikutana na familia moja, baba, mama na wasichana wawili, mdogo akiwa kama wa miaka sita. Ilikuwa inakaribia saa nne, jua limeanza kupata nguvu, na baba ameshika chupa moja iliyobaki robo. Aliniuliza kwa furaha kama bado ni mbali, akilionyesha bango lililokuwa ng'ambo, jeupe, linaonekana kama la kufikiwa kwa dakika kumi. Kabla sijajibu, Mjomba aliniambia nimtafsirie. Alimwambia baba yule kwamba miguu yake imechoka na angependa kuketi kidogo kivulini, je, wangeweza kuketi pamoja naye? Kisha akaufungua mkoba wake, akawapa wasichana machungwa, na akaisogeza chupa yake ya pili, ambayo ilikuwa haijaguswa, mpaka mbele ya mama yao. Tulikaa nao karibu nusu saa, tukiwaeleza habari za lami inayozunguka nyuma na za mti ulio magharibi, na yule mtoto mdogo alipolala kwenye paja la mama yake, baba aliuangalia mlima, akaiangalia saa, akasema watarudi siku nyingine asubuhi. Tulishuka pamoja hadi penye miti, Mjomba akiwa mbele na binti mkubwa, akimwonyesha mahali pa kukanyaga.